Kadeti wa London, koloni ya Boma, kadogo wa Kivu: nani anajibu juu ya mtoto mwenye magwanda?

Kuna swali linalorudi kila mara tukizungumza redioni juu ya watoto waliobebwa na makundi yenye silaha. Mzee analiuliza hivi, mama analiuliza vile, lakini ni swali moja: mbona kule Ulaya tunaona kwa televisheni na kwa simu watoto wa miaka 13 wamevaa kama askari, wanapiga gwaride, wana galoni begani, na hakuna tribinali inayowafuata wakubwa wao? Mbona kwetu inaitwa kosa la vita? Wengine wanamalizia kwa kusema: hiyo ni sheria ya wazungu kwa ajili ya watu weusi.

Swali hilo linastahili jibu, na jibu la haraka haraka halitamridhisha mtu ambaye mtoto wake hajarudi. Tufungue basi vikosi hivyo vya watoto na kutazama ndani: nani anaongoza, nani analipwa, mzazi anasimama wapi, na mtoto akichoka anatokea mlango gani. Tutaanza Uingereza, kisha turudi kwetu, maana mambo haya yalianza karibu mwaka mmoja, kule na huku.

Mama mmoja wa Southwark

Mwaka 1859 Waingereza walikuwa na hofu ya kushambuliwa na Wafaransa. Raia wengi wakaunda vikosi vya kujitolea, na kando ya vikosi hivyo zikazaliwa kompani za vijana, zingine katika mashule ya watoto wa matajiri. Kadeti wa Uingereza wanahesabu umri wao toka 1860. Mwaka 2010 walifanya sikukuu ya miaka 150.

Aliyewafungulia mlango watoto wa maskini ni mwanamke, Octavia Hill, na hakuwa askari. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia maskini wa London nyumba safi za kupanga kwa bei wanayoweza. Katika mtaa wa Southwark, kusini mwa mto Thames, aliwaona vijana wanaofanya kazi ngumu mchana na kuzurura usiku. Mwaka 1889 akaanzisha kompani ya kadeti huko. Alifikiri kwamba usafi, utaratibu, mazoezi ya mwili na kukaa chini ya ofisa mwenye tabia nzuri vitawasaidia kuliko barabara. Kijana alikuja jioni baada ya kazi na kurudi kulala kwa mama yake. Kumbukeni hilo la kulala nyumbani, tutalihitaji mbele.

Kundi kubwa la kadeti wa nchi kavu kule leo linaitwa Army Cadet Force. Linapokea wavulana na wasichana wa miaka 12 na kuwaachia wakifika 18. Kuna na kadeti wa bahari, kuna wa anga waliozaliwa tarehe 5 mwezi wa pili 1941 katikati ya vita, na kuna wale wa ndani ya mashule. Sisi tubaki na hawa wa nchi kavu.

Ngazi ya chini ni kikosi cha mtaa. Kina kijumba chake cha kukutania, na watoto wanakuja jioni mara moja au mbili kwa juma. Wakati wa likizo kuna kambi ya siku chache. Vikosi vya jirani vinawekwa pamoja katika kompani, na kompani zote za eneo kubwa, tuseme kama teritware kwetu, ziko chini ya komanda mmoja. Huyo anavaa cheo cha kolonele. Lakini usishangae ukisikia kwamba mchana kolonele huyo ni mwalimu wa shule au karani wa benki, maana yeye ni mtu wa kujitolea, sawa na karibu wakubwa wote walio chini yake.

Hapa ndipo wasikilizaji wengi wanakosea. Wanafikiri watoto wale wanafundishwa na askari wa jeshi la kweli. Wengi wa wale wakubwa ni raia waliovaa magwanda: fundi wa magari, muuguzi, dereva, na kati yao askari wa zamani wachache au wengi kufuatana na mahali. Kabla ya kupokelewa, serikali inachunguza kama mtu aliwahi kuhukumiwa, hasa kwa makosa juu ya watoto. Anaanza kama mwalimu wa majaribio, anasoma, anapewa cheo cha serja wa kufundisha. Akitaka kuwa ofisa anapitia mtihani, na toka mwaka 1 Desemba 2017 maofisa hao wanapewa hati ya uofisa ya pekee inayohusu kadeti tu. Hati hiyo haimpi nguvu ya kuongoza vita. Wanapata posho kwa siku kadhaa za mwaka, si mshahara wa kuishi nao.

Wenye mshahara ni wachache: msimamizi wa ofisi, mara nyingi ofisa aliyestaafu, mtunza stoo, na wasaidizi wanaozunguka kwa vikosi kuhesabu mavazi, bunduki na makaratasi. Hao hawaajiriwi na komanda. Wanaajiriwa na shirika jingine linalotunza majengo ya kadeti na ya askari wa akiba. Mimi naona kipande hiki, ambacho hakionekani kwenye gwaride, kina uzito kuliko galoni zote. Anayemfundisha mtoto kulenga shabaha si yule anayeshika daftari la bunduki. Mmoja akikosea, mwingine ana karatasi ya kumshitaki.

Watoto wenyewe wana vyeo vyao, toka kaporali mdogo hadi serja na serja mkuu. Cheo hicho kinamruhusu kijana wa miaka 16 kuwapanga mstari wadogo wake na kuwafundisha kusoma ramani. Hakimpi nguvu juu ya askari hata mmoja. Masomo yana ngazi za nyota, na ndani mna huduma ya kwanza, kupiga kambi, kutembea porini, michezo, na kweli, bunduki pia. Bunduki ya mafunzo ya kadeti imetengenezwa kupiga risasi moja kila unapovuta kidole, inafungiwa stoo, na inatoka tu mbele ya mkubwa aliyefaulu mafunzo ya uwanja wa shabaha.

Wizara ya ulinzi inatoa pesa nyingi, inatoa mavazi na viwanja. Lakini kadeti si askari kwa sheria. Hawezi kuitwa vitani. Mzazi anatia sahihi mwanzoni, na mtoto akiamka siku moja na kusema sitaki tena, anarudisha mavazi stoo. Basi. Hakuna doria ya kumtafuta.

Mwaka 1923, nchi ikiwa imechoka na vita ya kwanza ya dunia na pesa zimepungua, serikali ya Uingereza iliacha kuwatambua kadeti hao. Vikosi havikufa. Watu wa kujitolea walivishika mikononi mwao, mwaka 1930 wakaunda umoja wao wa taifa, na serikali ikawatambua tena mwaka 1932. Mwaka 1942, vita nyingine ikiwaka, wizara ya vita ikavirudisha chini yake.

Wala tusiwafanye malaika. Wale kadeti wa anga wa 1941 walianzishwa wazi wazi kwa kuandaa vijana kuingia jeshi la anga. Na mpaka leo jeshi lenyewe la Uingereza, si kadeti, linaandikisha vijana wa miaka 16 kwa sahihi ya mzazi, ingawa haliwatumi vitani kabla ya 18. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto imewaomba waache jambo hilo. Kwa hiyo yule anayesema wazungu nao waulizwe, wanaulizwa.

Karibu mwaka huo, Boma

Octavia Hill akiwa anapanga vijana wake Southwark, mfalme Leopoldi wa Pili wa Ubelgiji alikuwa anapanga wake. Leopoldi hakukanyaga Kongo hata siku moja, lakini Kongo ilikuwa mali yake, ile serikali ambayo babu zetu waliiita Bula Matari. Tarehe 27 mwezi wa nne 1890 alimwandikia gavana wake mkuu barua juu ya kuunda koloni tatu za watoto: moja kule juu karibu na Ikweta, moja Leopoldville, moja Boma. Hakuficha kusudi. Alisema kwamba koloni hizo ni hasa kwa ajili ya kumpatia askari. Kila moja ilipaswa kuwa na majengo ya kupokea watoto 1500 pamoja na wasimamizi.

Tazameni wasimamizi hao. Katika mpango wa mfalme, ile ya Ikweta ilikuwa ya kijeshi kabisa, na mapadri wakiwa humo kwa dini na kwa ufundi wa mikono. Zile za Leopoldville na Boma zilipaswa kuwekwa chini ya mapadri, na askari mmoja kwa kufundisha mazoezi ya kijeshi. Kwa vitendo koloni za serikali zilisimama Boma na Nouvelle-Anvers, mahali tunapoita leo Makanza, na mapadri wa Scheut ndio waliopewa kuziongoza. Majezuiti walipewa Kimwenza. Wasichana walipelekwa kwa masista, kule Moanda.

Kwenye karatasi ni kitu kizuri: padri, mwalimu, chakula, ufundi, gwaride. Ukichora ngazi zake utadhani ni kadeti. Tofauti iko juu ya ukurasa, kwenye mstari wa mzazi. Amri ya mfalme ya tarehe 12 mwezi wa saba 1890 iliweka chini ya ulezi wa serikali watoto waliokombolewa katika utumwa, na yatima, na walioachwa. Serikali ikawa baba. Na baba huyo alikuwa na haki ya kudai kazi ya mtoto mpaka amalize miaka 25. Mwaka 1892 mashirika ya misheni nayo yakaruhusiwa kukusanya watoto kwa namna hiyo.

Lakini yatima wengi hivyo walitoka wapi? Gavana aliwaagiza wakubwa wa wilaya wakusanye watoto wa kiume wengi kadiri wanavyoweza. Vijiji vilishambuliwa kwa sababu ya pembe na mpira, wazazi waliuawa au walikimbia porini, na mtoto aliyebaki aliandikwa yatima. Serikali ilimfanya yatima, kisha ikajitangaza mlezi wake. Mnisamehe nikisema kwamba nimesoma mambo mengi ya zama zile na hili ndilo lililonikaa rohoni zaidi.

Halafu safari. Msafara mmoja wa wavulana 108 ulipelekwa kwa nguvu mpaka koloni ya Boma mwaka 1892 na 1893. Waliofika ni 62. Katika majuma yaliyofuata, 8 kati ya hao wakafa. Waliosalia waliishi chini ya fimbo na mnyororo, na magonjwa yaliwamaliza wengi ndani ya nyumba zile. Walijaribu kuasi mara nyingi. Wavulana waliopona mpaka mwisho, sehemu kubwa waliingia Force Publique, kama barua ya 1890 ilivyotaka, wakatumwa kukusanya mpira katika vijiji vya watu wengine. Hapo duara lilifungika: askari aliyekuwa mtoto wa kijiji kilichochomwa, anachoma kijiji.

Koloni zile zilikuwa mashule pekee ambayo serikali ya Leopoldi iligharamia kwa ajili ya watoto weusi. Kwa hiyo mtu akisema jeshi lilitufungulia shule, hasemi uongo. Amebakiza hesabu ya wale 108.

Foula na salongo

Wazee wetu watauliza mbona siiti JMPR. Naiita, kwa kifupi. Chama cha MPR kilizaliwa tarehe 20 mwezi wa tano 1967, na vijana wake wakawekwa katika JMPR. Ujenzi wake ulifuata ujenzi wa serikali yenyewe, toka Kinshasa hadi mkoa, zone na lokalite, na kila ngazi mkubwa alitoka juu, hakuchaguliwa na vijana. Mtoto hakujiandikisha. Chini ya MPR kila Mzairwa alihesabiwa mwanachama. Vyama vya wanafunzi vilivyojitegemea vilifungwa. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa na wakapigwa risasi. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium walitiwa jeshini kama adhabu. Jeshi kuwa adhabu ya mwanafunzi! Ila JMPR haikumtoa mtoto kwa mama yake usiku, na waliovaa foula zake wengi wanakumbuka nyimbo na salongo kuliko woga.

Kadogo

Mwezi wa kumi 1996 AFDL ilianza vita hapa mashariki, na tarehe 17 mwezi wa tano 1997 iliingia Kinshasa. Wakaaji wa Kinshasa waliona kitu ambacho hawakukitegemea: watoto, mabuti yamewazidi miguu, wanazungumza Kiswahili. Wakawaita kadogo, na neno letu likaenda dunia nzima.

Nani aliwasimamia? Komanda. Nani aliwalisha? Komanda, au kijiji walichopitia. Nani alishika daftari la bunduki? Mara nyingi halikuwepo. Mtoto alipewa jina la vita, na la kwao likapotea. Wengi walikuwa walinzi wa wakubwa, kwa sababu mtoto asiye na mtu mwingine duniani ni mwaminifu kwa yule anayempa chakula. Rais Laurent-Désiré Kabila mwenyewe alitia sahihi tarehe 9 mwezi wa sita 2000 amri ya kuwatoa watoto jeshini. Tarehe 16 mwezi wa kwanza 2001 alipigwa risasi ofisini kwake na mlinzi wake aliyetoka kwa hao kadogo.

Kisha Ituri. Thomas Lubanga alihukumiwa na korti ya La Haye tarehe 14 mwezi wa tatu 2012 kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wasiofika miaka 15, katika miaka ya 2002 na 2003. Alipewa miaka 14 ya kifungo. Ilikuwa hukumu ya kwanza kabisa ya korti ile. Moja ya ushahidi ni video ya mwezi wa pili 2003 katika kambi ya Rwampara, Lubanga akiwahutubia waliokuwa mafunzoni, na watoto wakionekana kati yao.

Ninawaomba wale wenye lile swali la mwanzo watazame jeshi la Lubanga kama tulivyotazama kadeti. Lilikuwa na mkuu, lilikuwa na etat-major, lilikuwa na makomanda wa sekta, kambi za mafunzo, salamu, gwaride, galoni. Korti haikusema kwamba lilikosa utaratibu. Utaratibu huo huo ndio ulioonyesha kwamba mkubwa alijua na alikuwa na uwezo wa kukataza. Kilichokosekana ni watu wa nje ya ngazi: mzazi mwenye kalamu, mtunza stoo asiye mtu wa komanda, mchunguzi wa tabia za walimu, na mlango usio na doria. Komanda alikuwa yote hayo peke yake.

Siku hizi mafunzo hayaitwi tena vita. Yanaitwa kulinda kijiji, yanaitwa masomo ya uzalendo, wakati mwingine yanaitwa kazi ya muda mfupi yenye chakula, na katika mahema chakula ni neno kubwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 haichagui majina. Mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18, na anayemwandikisha katika jeshi, polisi au kundi lenye silaha anaweza kufungwa miaka 10 hadi 20. Sheria haisemi ni kundi la kabila gani, wala haisamehi kwa sababu mtoto alikuja kwa miguu yake, wala kwa sababu baba alikubali. Sahihi ya baba inafaa kwa gwaride la jioni. Haifai kwa vita.

Anayekuja kumwomba mtoto wako aulizwe basi maswali ya stoo, hata kama amevaa vizuri na anazungumza kwa heshima. Atalala wapi? Nikitaka kumwona juma lijalo, niulize nani ambaye si wewe? Bunduki zinaandikwa wapi? Akitaka kurudi Jumapili, atarudi na nani? Akikasirika kwa maswali hayo, umeshajibiwa.

Kadeti wa Uingereza akitimiza miaka 18 anarudisha mavazi, anabaki na cheti chake cha nyota, na kama anataka anarudi kama mwalimu wa wadogo. Mtoto wa kwetu anayetoka kwenye kundi anapewa karatasi ya kuonyesha ametoka, anapitia kituo cha muda au familia ya kupokea, huku watu wakitafuta jamaa yake. Wasichana wanaopata karatasi hiyo ni wachache kuliko waliobebwa, kwa sababu wengi wanaogopa kuitwa bibi wa askari wakienda kuiomba, na wanarudi kijijini kimya kimya wakiwa na mtoto mgongoni.